Mihuri Iliyoinama

Haya, tegua hiki kabla hatujaingia ndani. Kafupi kama kidole cha mtoto, hakana mgongo wala shingo, kinywa chake chekundu; kakibusu karatasi mara moja tu, watu wazima wenye akili zao wanawapandisha mama zao garini wala hawaulizi neno. Ni nini hicho?

Usinipe mji, jibu nakupa bure. Ni muhuri wa jina. Mjini Nezasa kila mtu mzima anao wake, na huo ndio sahihi yake, kiapo chake na uso wake. Mmoja wa aina hiyo, wenye jina la Tsukuda, ulikuwa umelala ndani ya mfuko wa plastiki juu ya meza ya kituo cha polisi, asubuhi moja ya Novemba yenye ukungu. Upande mmoja wa meza alikaa mpelelezi Kuramochi Shinobu, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Upande wa pili alikaa mwenye muhuri.

"Muhuri ni wangu," alisema Mzee Tsukuda Iwao. "Jina ni langu. Kosa ni langu. Andika hivyo nimalize, twende."

"Twende wapi?"

"Popote mnapowapeleka watu kama mimi."

Alikuwa mkaguzi wa magari kwenye gereji ya Orikasa, mtu wa miaka sitini na mitatu, kichwa kimenyolewa, mikono mipana yenye weusi wa grisi usiotoka tena hata kwa sabuni. Alikuja mwenyewe kituoni, kwa miguu, siku moja baada ya ajali. Hakuna aliyemwita.

Ajali yenyewe mji mzima uliijua. Gari dogo jeupe la kituo cha kulelea wazee mchana lilikuwa linashuka mteremko wa hekalu na bibi watano ndani. Dereva akakanyaga breki, breki haikumjibu. Gari lilivunja ukingo wa barabara, likajibamiza kwenye ukuta wa mawe. Wanne walilazwa. Wa tano, Bibi Ushio Kikue, mwenye miaka themanini na minne, alikufa palepale, mfuko wake wa kufumia bado upo mapajani. Maabara ilipofungua magurudumu ilikuta pedi za breki zimelika mpaka chuma kimesaga chuma, na mpira wa kupitishia mafuta ya breki una nyufa za zaidi ya mwaka mzima. Lakini cheti cha ukaguzi cha tarehe tatu Septemba, miezi miwili tu nyuma, kilisema: pedi milimita saba, mpira mzima, nguvu ya breki inatosha. Chini yake, muhuri mwekundu: Tsukuda.

"Nimesoma cheti," alisema Kuramochi. "Sasa nisikie kwako. Tarehe tatu Septemba, saa nne asubuhi, gari lile lilipoingia gereji, wewe ulikuwa wapi?"

Mzee alitazama muhuri wake.

"Ulilipandisha kwenye mashine ya breki? Uliliingia chini? Ulishika tochi?"

Mzee alikuna weusi wa grisi kwenye ukucha.

"Mzee Tsukuda, nakuuliza swali la mtoto. Ulikuwa wapi?"

"Muhuri ni wangu," alisema mzee.

Mkuu wa kituo alikuwa ameshasema lake: ungamo lipo, muhuri upo, faili liwe kwa mwendesha mashtaka saa kumi na moja jioni, watu wapumzike. Kuramochi alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu na robo. Alichukua koti lake.

*

Nje alimkuta Bwana Hirugami akimsubiri garini, anatafuna donge la wali. Hirugami alitoka ofisi ya uchukuzi ya wilaya, kitengo cha ukaguzi wa magari. Mtu mnene, mcheshi, mwenye kujua gari kwa kulisikia linapita. Waliwahi kufanya kazi pamoja mara tatu, na mara zote tatu aliacha punje za wali kwenye kiti.

"Kasema?"

"Kasema muhuri ni wake."

"Hilo hata muhuri wenyewe ungesema." Hirugami aliwasha gari. "Mimi nakwambia, Dada, ni mashine. Tsukuda namjua miaka thelathini. Karatasi zake zote zinapita mezani kwangu. Yule mtu alikataa gari la mkwe wake mwenyewe siku ya harusi, kwa sababu ya taa moja. Kama aliandika breki nzima, basi mashine ilimdanganya."

"Na pedi? Pedi unaziona kwa macho, si kwa mashine."

Hirugami alitafuna. "Hapo ndipo ninapokwama," alikubali.

Gereji ya Orikasa ilikuwa na kibali cha kukagua yenyewe. Gari halikuwa na haja ya kupelekwa ofisi ya serikali. Iliyokwenda serikalini ni karatasi. Ndiyo maana sheria ilimpa mkaguzi wa gereji kama hiyo heshima moja kubwa: anapokagua, hapokei amri ya mtu yeyote, hata ya anayemlisha.

Sakafu ya gereji iling'aa. Kila spana ilikuwa na kivuli chake kilichochorwa ubaoni, kila ndoo na mstari wake wa njano. Mafundi wanne waliinama kusalimia, na baada ya kusalimia hawakuinua macho.

"Safi kama chumba cha upasuaji," alinong'ona Hirugami. "Mimi gereji ikiwa safi hivi huwa nauliza, kazi inafanyika wapi?"

Mkurugenzi Orikasa mwenyewe alikuja kuwapokea, nywele zimechanwa kwa mafuta, sare imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Aliinama sana, akabaki ameinama hivyo muda mrefu.

"Tumeumia," alisema alipoinuka. "Familia ya Bibi Ushio nimewapelekea ubani mwenyewe. Kumbe mtu uliyemwamini miaka thelathini... Tsukuda ametuangusha sote, Bi Mpelelezi."

"Tutaona nani kaanguka," alisema Kuramochi. "Mashine ya breki iko wapi?"

Ilikuwa mwisho wa ukumbi: mapipa mawili ya chuma yamelazwa sakafuni, gari linapanda juu yake, mapipa yanazunguka, unakanyaga breki, mshale unapanda. Stika ya kuhakikiwa ilisema Aprili. Hirugami aliitazama kama daktari anavyotazama cheti cha mganga wa kienyeji. Akapiga magoti pembeni, akaandika kitu kwenye daftari lake, halafu akalipandisha gari lake mwenyewe. Mapipa yaliamka kwa mngurumo mzito uliopanda kutoka sakafuni mpaka kwenye meno. Mshale ukapanda, ukakaa. Alirudia mara tatu, akalinganisha na vipimo alivyopata ofisini kwake wiki iliyopita.

Alishuka, uso umemwanguka.

"Mashine haina kosa," alisema. "Mkweli kuliko mimi."

"Basi dhana yako imekufa."

"Imekufa, na mazishi nimehudhuria." Alimvuta Kuramochi kando, akafungua daftari. "Lakini ona hiki. Kabla sijapanda nilisoma kihesabio kile cha chini. Kinahesabu kila gari lililopimwa, na kinarudishwa sifuri mashine inapohakikiwa. Tangu Aprili kimehesabu magari mia nne na sitini na tano. Na vyeti tulivyopokea ofisini kutoka hapa tangu Aprili, nilivihesabu jana mwenyewe, ni mia sita na vinne."

Kuramochi alivaa miwani. "Pungufu mia moja thelathini na tisa."

"Mia moja thelathini na tisa. Yamekaguliwa na nani, malaika?"

*

Ofisini ghorofani waliletewa chai na meneja wa ubora, Bwana Minobe, kijana wa miaka thelathini na nne, mwembamba, tai nyembamba, anaongea kama anayesoma tangazo. Ukuta wa nyuma yake ulikuwa na cheti kikubwa ndani ya fremu ya dhahabu: gereji imetimiza masharti ya mfumo wa usimamizi wa ubora. Chini ya cheti kulikuwa na chati. Mstari mwekundu ulipanda kama paa la nyumba mwezi Agosti, ukaanguka Septemba mpaka sakafuni, na hapo pakaandikwa kwa herufi kubwa: KASORO SIFURI.

"Hii kasoro ni ya nini?" aliuliza Kuramochi.

Uso wa Minobe uling'aa. Hilo swali alilipenda. "Magari yaliyokataliwa, Bi Mpelelezi. Gari likikataliwa, mteja anasubiri. Akisubiri, anakasirika, anakwenda gereji nyingine. Kwa hiyo katika mfumo wetu kila gari linalokataliwa linahesabiwa kuwa kasoro ya huduma. Lengo ni sifuri."

Hirugami aliweka kikombe chini polepole.

"Ngoja nielewe," alisema Kuramochi. "Mkaguzi akiona breki mbovu, mnaandika kasoro."

"Ndiyo."

"Asipoiona, hakuna kasoro."

"Kwa namna ya..."

"Ndiyo au siyo, Bwana Minobe?"

"Kimfumo, ndiyo."

"Basi mkaguzi bora kuliko wote katika mfumo wenu ni kipofu!" Sauti yake ilifika chini, spana moja iliacha kugonga. "Na mkapewa fremu ya dhahabu!"

Mkurugenzi Orikasa alikohoa. "Mambo haya ni ya kitaalamu kidogo, Bi Mpelelezi. Tulikaguliwa na watu wa nje. Mafaili yote yalikutwa kamili."

"Sina shaka. Nileteeni hayo mafaili kamili."

Yaliletwa, tena kwa furaha. Hakuna mtu anayejivunia mafaili kama asiyegusa gari. Kila gari lilikuwa na fomu yake, na chini ya kila fomu masanduku matatu ya mihuri yamepangana: kushoto kabisa la Mkurugenzi, katikati la meneja wa ubora, kulia la mkaguzi. Kuramochi alianza Aprili. Alifunua moja moja, bila haraka, kidole chini ya sanduku la kulia, huku Hirugami akipuliza chai yake na Minobe akinyoosha tai iliyonyooka tayari.

Mei. Juni. Julai. Mwishoni mwa Agosti, ndani ya faili la mikutano, alikuta karatasi ya rangi ya waridi. Ripoti ya kasoro. Aliisoma kwa sauti, kila mtu asikie.

"Tatizo: mkaguzi anakataa magari kupita kiasi, thelathini na moja kwa mwezi. Chanzo cha tatizo: ukaidi. Hatua ya kurekebisha: kubadilishiwa kazi kwa muda ili ajitafakari. Tarehe ishirini na nne Agosti." Aliinua macho. "Mkaguzi gani?"

"Sisi hatumwandiki mtu," alisema Minobe. "Tunaandika mchakato."

"Na mchakato wenu unaitwa Tsukuda. Jina liko hapa, mstari wa tatu. Mlimbadilishia kazi gani?"

Minobe alimtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi alijibu haraka kuliko adabu inavyoruhusu.

"Haikutekelezwa. Ilikuwa karatasi tu. Tsukuda aliendelea kukagua kama kawaida, kila siku. Daftari la mahudhurio lipo, hakukosa hata siku moja."

"Karatasi tu," alirudia Kuramochi. "Hapa kwenu karatasi huwa tu siku gani, na huwa kweli siku gani? Mnipe kalenda, nisije nikachanganya."

Hirugami alijifanya kukohoa.

Alirudi kwenye fomu. Alipofika fomu ya tarehe ishirini na tano Agosti alisimama. Alirudi nyuma kurasa tatu, akaenda mbele kurasa tatu. Akamvutia Hirugami faili.

"Wewe umezoea karatasi za huyu mzee. Muhuri wake ukoje?"

"Umesimama," alisema Hirugami bila kutazama. "Wima kama nguzo ya umeme. Ofisini tulikuwa tunamcheka. Watu wote wanainamisha."

Kweli, watu wote wanainamisha. Mdogo anapogonga muhuri kando ya muhuri wa mkubwa wake, anaupindisha kidogo upande wa kushoto, kama anayeinama kutoa heshima. Hakuna sheria inayosema hivyo, na vijana wengine wanacheka, lakini mkono uliofundishwa haucheki. Kuramochi mwenyewe kila ripoti yake ilimwinamia mkuu wa kituo.

"Nilimuuliza mwaka fulani," aliendelea Hirugami. "Nikamwambia, Mzee, wewe huna adabu? Akanijibu: nje ya kazi namwinamia Mkurugenzi mpaka paji linagusa sakafu. Lakini breki haina mkubwa wala mdogo, na mimi nikiipima sina mkubwa." Sasa ndipo alipotazama faili, na kikombe kikabaki hewani. "Ah. Hii si yake."

Muhuri ulikuwa wa Tsukuda, jina lilelile, ufa uleule mdogo pembeni mwa duara. Lakini ulikuwa umelala kushoto, kwa upole, kuelekea sanduku la bosi. Na uliofuata hivyo. Na uliofuata. Fomu ya tarehe tatu Septemba, gari jeupe la wazee, pedi milimita saba: umeinama. Mpaka mwisho wa Septemba yote iliinama, halafu tarehe mosi Oktoba, kana kwamba mtu kaamka usingizini, ikasimama tena wima.

Kuramochi alihesabu iliyoinama. Mia moja arobaini na mitatu.

"Inazidi minne," alinong'ona Hirugami.

"Mzee alikuwa na tabia ya kurudia kipimo asiporidhika?"

"Sana." Akapiga hesabu kwa vidole. "Basi kihesabio kilihesabu na vipimo vinne vya kurudia. Hesabu inakaa sawa."

Kuramochi alifunga mafaili, akayapanga, akatoa kitabu cha stakabadhi mkobani.

"Nayachukua haya. Ni lazima mnigongee hapa kuwa mmenikabidhi. Mkurugenzi kwanza. Kila mtu muhuri wake."

Orikasa alichovya muhuri wake kwenye wino, akagonga kushoto, wima, kwa uzito. Minobe alitoa wake kwenye kikasha cha ngozi nyeusi, akaupumulia kwa mazoea, akagonga kando ya ule wa bosi.

Uliinama. Kwa upole, upande wa kushoto.

"Vizuri sana," alisema Kuramochi. "Umefundishwa wapi?"

"Benki." Minobe alitabasamu kidogo. "Nilikaa benki miaka nane kabla Mkurugenzi hajaniita huku. Kule ukigonga wima unaitwa pembeni siku hiyohiyo."

Kuramochi alifungua faili juu ya stakabadhi, akaweka muhuri wa Tsukuda wa tarehe tatu Septemba kando ya muhuri wa Minobe uliokuwa bado unang'aa ubichi. Mlalo mmoja, kipimo kimoja, kama ndugu wawili msibani.

"Mzee Tsukuda miaka thelathini hakumwinamia mtu kwenye karatasi ya breki. Halafu tarehe ishirini na tano Agosti akaanza adabu ya benki, na siku ya mwisho wa Septemba ikamtoka. Nieleze hiyo adabu ilimwingiaje, Bwana Minobe."

Tabasamu lilibaki mdomoni mwake, ila mwenyewe alikuwa ameshaondoka. Alimtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi alitazama dirishani.

"Mzee alikuwa... mikono yake ilikuwa na grisi," alisema Minobe. "Nilimsaidia tu kugonga. Muhuri ulikuwa kwenye droo yake. Yeye alikagua, mimi nikagonga. Kusaidiana tu."

"Milimita saba uliipata wapi?"

"Kwenye... fomu ya mwaka uliopita."

"Uliinakili."

"Mfumo unaruhusu kujaza kutoka rekodi iliyotangulia. Ni kuokoa muda."

"Kuna bibi amekufa na mfuko wa kufumia mapajani!" Kuramochi alipiga meza kwa kiganja, chai ikaruka. "Mlimjazia breki za mwaka uliopita! Angeshuka mteremko wa mwaka uliopita basi!"

"Bi Mpelelezi." Mkurugenzi Orikasa alikuwa ameinuka. Hakuinama safari hii. "Kijana wangu amekosea kugonga muhuri usio wake. Nitamwadhibu. Lakini aliyekagua ni Tsukuda. Niliwaona mkisoma kihesabio cha mashine; nacho huharibika, wakili wangu atawaeleza. Na Tsukuda mwenyewe, nasikia, hakatai. Si ndivyo? Mtu anasema kosa ni lake, nyie mnamlazimisha akatae?"

Hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote: alisema kweli.

*

Garini Hirugami hakula. Alikuwa na simu mkononi na orodha ya magari mia moja arobaini na mawili mengine mapajani, yote yenye vyeti halali, yote barabarani saa ile.

"Nayasimamishaje?" aliuliza. "Kwa karatasi yamekaguliwa na mtu mwenye leseni. Nikiyazuia bila ushahidi, kesho wakili wa Orikasa ananivua viatu. Mafundi?"

"Wana watoto wanaosoma. Nimewauliza chini pale, wote wanne hawakumbuki chochote. Kuna mwingine amesahau hata mwezi wa Septemba."

"Basi amebaki mzee wako."

"Amebaki mzee wangu."

Saa kumi na dakika ishirini Kuramochi alikaa tena mbele ya Tsukuda. Hakuweka tena muhuri mezani. Aliweka fomu mbili, moja ya Julai na moja ya Septemba, akaacha mzee azitazame. Mzee alizitazama mara moja tu. Kilichopita usoni mwake hakikuwa mshangao.

"Ulijua," alisema Kuramochi.

"Droo haikuwa na kufuli. Miaka thelathini sikuweka kufuli. Mtu anaacha jina lake wazi kama kopo la misumari, halafu analalamika? Kosa ni langu."

"Sikukuuliza habari ya droo. Haya, sikiliza, usijibu, sikiliza tu." Alivaa miwani, akafungua orodha ya Hirugami. "Gari la kusambazia mkate, duka la Awano. Teksi mbili za stesheni. Gari la kliniki ya mifugo. Basi dogo la shule ya chekechea ya Sugikubo, watoto kumi na wanane, linapanda na kushuka mteremko wa hekalu asubuhi na jioni. Gari la Bwana Isomura. Huyu si jirani yako wa ukuta kwa ukuta?"

Mikono mipana ilisogea mezani, ikatulia.

"Mia moja arobaini na mawili, Mzee. Yote yana jina lako, na hakuna aliyeyatazama chini. Hirugami amekaa nje na simu, anaweza kuyasimamisha kabla ya chakula cha jioni. Anachotaka ni mstari mmoja kutoka kwako. Orikasa anasema wewe ndiye uliyekagua. Na wewe unasema kosa ni lako. Mnaimba wimbo mmoja, wewe na yeye. Hongereni. Bibi Kikue awapigie makofi."

"Usinifananishe na mtu yule!"

Ndiyo mara ya kwanza alipaza sauti. Polisi wa mlangoni aligeuka. Kuramochi hakujitikisa.

"Nakufananisha naye. Yeye anaficha ili gereji isife. Wewe unaficha nini? Hukuiba. Hukudanganya. Hukugonga. Una aibu gani wewe inayozidi basi la chekechea?"

Nje ukungu ulikuwa umeshageuka mvua nyembamba, na saa ya ukutani ilikuwa inasogea bila adabu.

"Mke wangu," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Kila asubuhi alinifungia chakula kwenye kitambaa. Nikirudi nguo zina udongo, ananiuliza, namwambia nimelala chini ya magari. Miaka thelathini ameolewa na mkaguzi. Asisikie."

"Atasikia kwangu, si kwa jirani. Nakuahidi nitakwenda mwenyewe, nitavua viatu mlangoni, nitamweleza vizuri." Kuramochi alivuta karatasi tupu, akafungua kalamu. "Nakuuliza kwa mara ya mwisho. Tarehe tatu Septemba, saa nne asubuhi. Ulikuwa wapi?"

Mzee Tsukuda alinyoosha mgongo. Aliweka viganja vyote viwili juu ya meza, wazi, kama mtu anayeonyesha hana kitu.

"Nilikuwa nyuma ya gereji, nang'oa majani," alisema. "Penye matairi ya zamani, jua kali, mbu. Siku thelathini za kazi. Walinikataza kuingia ndani mpaka niombe radhi mbele ya wote, mkutano wa asubuhi, kwa kukataa yale magari thelathini na moja. Mwisho wa Septemba niliomba. Lakini masikio hawakunifunga. Nilisikia kila gari likiingia, na kila gari likitoka. Mashine ile ina mngurumo wake, ukiwa huko nyuma unaupata kwenye magoti. Siku thelathini nimepiga magoti pale, Bi Mpelelezi. Sikuusikia hata mara moja."